Tusizike kompyuta zingali hai

Shule nyingi zilizo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ziwe za Likoni, Kisauni au Changamwe, zina chumba ambacho ufunguo wake haupatikani upesi. Humo, baina ya madawati yaliyovunjika miguu na makopo ya rangi iliyokauka, zimerundikwa kompyuta. Baadhi zina vile vioo vya zamani vyenye tumbo nyuma. Nyingine ni za juzi tu, za miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Ukimwuliza mwenye stoo zina nini, atakujibu kwa neno moja: zimekufa. Ukimwuliza zimekufa kwa maradhi gani, na ni nani aliyezipima, hapo mazungumzo hukatika.

Makala haya yanakusudia kulipinga neno hilo. Kompyuta huitwa maiti kwa sababu haikuitika ilipobonyezwa mara mbili. Hata mbuzi wa jirani hatangazwi amekufa kwa ushahidi hafifu kiasi hicho. Na wakati tunapozizika, watahiniwa wa somo hili, ambao mtihani wao wa KCSE una karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi, huketi wanne au watano mbele ya kioo kimoja, mmoja akishika kipanya na wenziwe wakichungulia juu ya bega lake. Mwanafunzi aliyezoea kuchungulia ataingia katika chumba cha mtihani wa vitendo akiwa mgeni wa mashine yenyewe. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za shule, lakini huonekana matokeo yanapotangazwa.

(Wapo wasomaji watakaoniuliza kwa nini nasema kompyuta ilhali wanafunzi wetu wanafundishwa kuandika tarakilishi. Sina ugomvi na tarakilishi. Ni neno lililoundwa kwa akili. Ila fundi wa Kongowea hajalikubali bado, na makala haya yana haja ya kuzungumza na fundi.)

Tuanze na hewa tunayoivuta. Mombasa imezungukwa na bahari, na upepo wa kusi unapovuma kuanzia mwezi wa Aprili huchukua vumbi la maji ya chumvi kutoka mawimbini na kulipeleka mbali zaidi kuliko tunavyodhani. Mwalimu wa kemia anaijua tabia ya chumvi ya kawaida: unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, punje ya chumvi hufyonza maji kutoka hewani hadi ikayeyuka. Mama wa nyumbani wa Timbwani au Mishomoroni hahitaji kipimo kulijua jambo hilo. Kikopo chake cha chumvi hulowa kila masika, naye hutia punje za mchele ndani yake. Sasa fikiri punje hizo hizo zikiwa zimetua juu ya ubao wa kompyuta, baina ya vijiti vya shaba, bati na dhahabu. Zikilowa, huwa maji ya chumvi. Na metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo huzaliwa na mojawapo ya metali huliwa polepole. Jaribio ambalo mwalimu huwaonyesha wanafunzi kwa gilasi na vipande viwili vya metali linaendelea ndani ya stoo yake bila yeye kulipanga. Kwa upande wa Changamwe ongeza vumbi la barabara inayopitwa na malori ya makasha usiku na mchana, kwani vumbi hushika unyevu na kuukalisha mahali pamoja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wakuu wa shule wengi hawapendi kulisikia. Kompyuta inayowashwa kila siku hupata joto, na joto hilo huukausha unyevu. Iliyofungiwa hubaki baridi. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayekifunga chumba cha kompyuta kwa kufuli mbili ili mashine "zisiharibiwe na watoto" anazikabidhi kwa adui mwingine, mtulivu na mwenye subira. Shule ikifungwa mwezi wa Aprili na mvua kubwa za Mei zikaifuata, ubao uliokuwa mzima hukutwa una ukungu mweupe na wa kijani kwenye miguu ya vipuli. Lawama humwangukia mwanafunzi wa mwisho kuonekana akiigusa mashine ile.

Habari njema ni kwamba kutu ya namna hiyo, ikiwahiwa, haiui. Huzuia tu umeme kupita mahali fulani, na kazi ya mpimaji ni kupajua mahali hapo. Wazungu wa Ulaya wanaokusanya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 wametufunza jambo kubwa kuhusu hilo, na inafaa tuwasikilize kidogo kabla hatujarudi kwetu. Mashine iitwayo Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na kisanduku chake cha umeme kando, kizito kama tofali. Kisanduku hicho kikizeeka, mara nyingi hakizimiki, hupandisha umeme. Mahali pa volti 5 hutoa zaidi, na vipuli vya kumbukumbu huungua. Mwenye mashine huona kioo cheusi na kusema kompyuta ni mbovu, kumbe kompyuta imeuawa na mlishi wake. Nayo BBC Micro ya mwaka 1981, iliyotumiwa sana katika shule za Uingereza, ina kapasita za karatasi katika sehemu yake ya umeme. Ganda lake hupasuka kwa uzee, unyevu huingia, na siku moja mashine ikiwashwa hutoa moshi wenye uvundo uliotia hofu walimu wengi. Lakini kapasita hiyo ikishapasuka, mara nyingi mashine huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo wakusanyaji hao wana desturi: hawaiwashi mashine iliyolala miaka mingi kabla ya kuupima umeme wake.

Desturi hiyo inatufaa sisi kuliko wao, kwa kuwa mashine zetu nyingi zimeingia kupitia Kilindini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na zimekuja na historia tusiyoijua. Nyuma ya kisanduku cha umeme cha kompyuta nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, huja swichi ikiwa upande wa 115. Mtu akiichomeka katika ukuta wetu wa volti 240 bila kutazama, husikika mlio kama wa fataki, na mashine nzima hutangazwa kuwa imekufa siku iyo hiyo iliyofika. Kilichokufa mara nyingi ni kisanduku peke yake, pengine ni fyuzi na vipuli vichache ndani yake. Kisanduku kingine cha aina hiyo, kilichotolewa katika mashine iliyovunjika, huifufua.

Ni vipi basi mwalimu asiye fundi atajua? Kwanza atafute mita ya kupimia umeme, ile ndogo inayouzwa na wauza vifaa vya redio. Kisanduku cha kompyuta cha mtindo wa ATX, uliotumika tangu mwaka 1995, hutoa volti 5 kwenye waya wa zambarau hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Hapo pakikosa umeme, hakuna haja ya kugusa kitu kingine chochote. Mashine ikiwaka, waya mwekundu uwe na volti zisizopungua 4.75 wala kuzidi 5.25, na wa manjano uwe baina ya 11.4 na 12.6. (Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipangwa nyaya kwa namna yao wenyewe; huko rangi zisiaminiwe, wala visanduku visibadilishwe ovyo.) Kipimo hicho huchukua dakika tano, nacho hutenga maradhi ya umeme na maradhi mengine yote. Hata hivyo, onyo moja halina mjadala: kisanduku chenyewe kisifunguliwe na mwanafunzi. Umeme wetu wa volti 240 ukinyoshwa ndani yake hufikia kiasi cha volti 340, na kapasita zake huweza kuushika baada ya waya kuchomolewa. Vivyo hivyo vioo vyenye tumbo. Ndani yake mna maelfu ya volti, na hakuna somo la sekondari linalostahili hatari hiyo.

Umeme ukiwa mzuri, sikiliza. Kompyuta hujipima yenyewe kabla ya kufungua programu yoyote, na isipoweza kuonyesha kitu kiooni hulia. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salamu ya afya. Katika mashine nyingi zenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ni malalamiko ya sehemu inayoshughulikia picha. Ikilia bila kukoma, mara nyingi inalalamikia kumbukumbu. Maana hutofautiana baina ya watengenezaji, kwa hivyo mwenye busara huandika milio kwanza, kisha huuliza. Nimeshangazwa mara nyingi na jinsi watu wanavyoizima mashine inayolia kana kwamba ni mtoto mtukutu, ilhali inaeleza pale inapouma.

Kumbukumbu ndiyo inayoteswa zaidi na hewa yetu. Kibao cha RAM hukaa katika mfereji wake kwa kugusana tu, dhahabu nyembamba juu ya chuma chembamba, na utando mdogo wa kutu hutosha kuikatisha habari. Chomoa kibao, sugua ukingo wake wa dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti, ukirudishe mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Usisugue kwa hasira, maana dhahabu ile ni nyembamba kuliko karatasi. Kompyuta nyingi zilizohukumiwa kifo zinahitaji kazi hiyo tu, na mwanafunzi aweza kuifanya baada ya kuonyeshwa mara moja.

Yapo maradhi yanayojificha nyuma ya dalili zisizohusiana nayo, na haya ndiyo yanayomfundisha mwanafunzi kufikiri. Mwalimu analalamika kwamba mtandao haufunguki: kurasa zote zenye ulinzi zinakataliwa. Ameita kampuni ya mtandao, amebadilisha waya, amenunua data zaidi. Mtu mmoja anaangalia saa iliyo pembeni mwa kioo na kuona kwamba kompyuta inaamini mwaka ni 2009. Hati za usalama za kurasa hizo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoishi mwaka 2009 huona hati zote za leo kuwa hazijaanza, nayo huzikataa kwa uaminifu. Kosa ni la betri ya mviringo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayoiwezesha saa kwenda umeme ukizimwa. Ukiirekebisha saa bila kubadilisha betri, kesho utairekebisha tena.

Kwa mashine za zamani zaidi, zile za 386 na 486 za mwanzoni mwa miaka ya 1990, betri yenyewe ndiyo muuaji. Nyingi zilikuwa na pipa dogo la betri ya nikeli na kadmiamu lililounganishwa ubaoni kwa risasi ya kulehemu. Miaka ikipita pipa huvuja, na kioevu chake, ambacho ni alkali, huzila njia za shaba zilizo jirani. Atakayekuta moja ya hizo stooni aikate betri hiyo kwanza, akiwa amevaa glavu. Kisha apitishe siki kidogo kwa pamba, kwani asidi hafifu huizimua alkali, apanguse kwa maji safi na spiriti, na auache ubao ukauke kabisa kabla ya kuujaribu. Mwalimu wa kemia akitaka somo la asidi na besi ambalo wanafunzi hawatalisahau, analo hapo.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na maradhi yake. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu ziliingia kwa wingi katika kompyuta za makampuni mengi ya dunia. Dell peke yake, mwaka 2005, ilitangaza gharama ya dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia mashine zake zilizoathirika, nyingi zikiwa OptiPlex za aina ya GX270 na GX280. Hizo zilikuwa kompyuta za maofisini, na kompyuta za maofisini ndizo zinazogawiwa kwa hisani zikishachoka. Dalili yake haihitaji mita. Fungua sanduku, tazama vile vipipa vidogo vilivyosimama karibu na kipozajoto: kipipa kizima kina kichwa bapa, kigonjwa kimefura, au kimetoa ute wa rangi ya kahawia. Mashine yenye vipipa hivyo hujizima, hujiwasha, hukwama bila mpango, na wengi huituhumu kuwa na virusi. Dawa ni kuving'oa na kutia vingine vyenye idadi ile ile ya mikrofaradi, volti zisizopungua za awali, vinavyohimili joto la nyuzi 105, na upande wa hasi ukiwa hasi. Hii si kazi ya mwalimu wa Kompyuta aliyesomea kuandika programu. Ni kazi ya fundi.

Na mafundi tunao. Pwani yetu haikuanza ufundi jana. Chuo cha MIOME kilichoanza kufundisha huko Tudor mwaka 1951, kikaja kuitwa Mombasa Technical Institute, kisha Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 kikawa Technical University of Mombasa, kimetoa watu wa umeme na mitambo kwa vizazi vitatu. Nje ya vyuo kuna wale wa jua kali, waliojifunza kwa kuketi miguuni pa mtengeneza redio. Kasoro yao, nami naisema bila kuwadharau, ni moja: wengi wao hubadilisha vipuli hadi mashine iwake. Njia hiyo huleta mkate, lakini haileti maarifa, na humgharimu mteja kipuli asichokihitaji. Kasoro ya walimu ni kinyume chake. Wanaweza kueleza ubaoni kazi ya kila kipuli, ilhali hawajawahi kushika bisibisi. Wawili hawa wangeketi meza moja, angalau alasiri moja kwa juma, kila mmoja angepata alichokosa. Serikali ilizindua mwaka 2024 sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kwa hiyo kisingizio cha kwamba fundi "hana karatasi" kinazidi kuchakaa.

Kinachokosekana zaidi ni fungu la fedha. Sera zetu zimependa kununua kuliko kutengeneza. Ahadi ya vipakatalishi ya mwaka 2013 ilizaa vishikwambi vya shule za msingi vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016, na fahari yake ilikuwa kubwa. Lakini ni shule ngapi zilizopewa shilingi za kununulia betri, kapasita au chupa ya spiriti? Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilionyesha njia kwa kuzikarabati kompyuta zilizotumika kabla ya kuzipeleka shuleni. Ukarabati wa namna hiyo usiishie Nairobi. Mkuu wa shule mwenye mkutano wa wazazi anaweza kuomba fungu dogo la matengenezo pale pale anapoomba basi.

Kuna pia kifo cha kubandikwa. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi nzima zikaonekana hazifai kwa sababu hazikubali Windows 11. Mashine hizo haziumwi. Zinaweza kupewa mfumo wa Linux usiolipiwa, na mwanafunzi akajifunza kuandika, kukokotoa na kupanga programu kama kawaida. Mwalimu aangalie tu kwamba programu anazozitumia ni zile ambazo mtihani unazikubali. Kwa madarasa ya chini hilo halina uzito.

Zitabaki zile zilizokufa kweli: ubao uliovunjika, diski inayokwaruza kama kisu juu ya sahani, kioo kilichopasuka. Hizo nazo zisitupwe ovyo. Jaa la Kibarani, lililokuwa likiwalaki wasafiri penye daraja la Makupa, lilifungwa mwaka 2018, na taka za mji zikaelekezwa Mwakirunge, huko huko Kisauni wanakosoma baadhi ya watoto tunaowazungumzia. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake haumwulizi mtu anatoka shule gani. Na vioo vyenye tumbo vina risasi ndani ya kigae chake. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka imewabebesha watengenezaji na waingizaji bidhaa wajibu wa kuzishughulikia zikichakaa. Lakini kabla ya kuipeleka maiti kokote, itolewe kisanduku cha umeme, RAM, feni, nyaya na skrubu, kila kitu kipimwe na kuandikwa jina, kwani mashine tatu zilizokufa kwa maradhi tofauti hutoa moja au mbili zilizo hai.

Wakati mzuri wa kuanza ni majuma mawili ya mwisho wa muhula wa kwanza, kabla masika hayajashika. Fungueni stoo mchana, madirisha yakiwa wazi. Kila mashine ipewe namba na daftari la kurasa chache: ilikotoka, swichi ya nyuma iko upande gani, waya wa zambarau una volti ngapi, imelia mara ngapi, saa yake inasoma mwaka gani, vipipa vyake vimefura au la. Wanafunzi wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kuandika kilichotokea. Zitakazowaka zisirudishwe chini ya kufuli. Zipewe mtu wa kuziwasha kwa saa moja, mara mbili kwa juma, likizo nzima. Na kama bawabu wa shule ana mtoto anayesoma, basi mtu huyo amekwisha kupatikana.